Chupa Isiyosema: Lugha na Usalama wa Dawa za Mitishamba

Utangulizi

Ni nadra msafiri kuketi ndani ya matatu katika mojawapo ya miji mikubwa ya Kenya, akisubiri gari lijae, asimsikie mchuuzi wa dawa za mitishamba. Mchuuzi huyo hupanda akiwa na mkoba begani, akawaamkua abiria kwa heshima, kisha akatoa chupa iliyowahi kuwa ya soda, ndani yake mna maji ya rangi ya kahawia. Huyataja magonjwa moja baada ya jingine: kisukari, shinikizo la damu, vidonda vya tumbo, maumivu ya viungo, ukosefu wa usingizi, upungufu wa nguvu za kiume. Bei huanzia juu na kushuka kila dereva akanyagapo mafuta. Hatimaye mama mmoja aliyechoshwa na maumivu ya magoti hutoa noti, akapokea chupa, na gari likaondoka. Afikapo nyumbani huitazama chupa ile na kukuta karatasi yenye maneno machache: dawa ya asili, haina kemikali, hutibu magonjwa mengi. Karatasi haisemi ni mti gani, ni sehemu gani ya mti, dawa imeandaliwa lini, inywewe kiasi gani, wala ni nani asiinywe. Mchuuzi naye hajulikani aliko.

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, ingekuwa dhuluma kuichukua methali hiyo na kuihukumia tiba yote ya jadi. Mitishamba imewaponya watu wa Afrika Mashariki tangu kabla ya hospitali ya kwanza kujengwa, na hadi leo wapo wengi ambao mganga yu karibu nao kuliko daktari. Suala linalostahili kujadiliwa si kama mitishamba ni dawa au si dawa. Suala ni hili: mnunuzi atajuaje kwamba kilichomo ndani ya chupa ni kile alichoambiwa, na kwamba hakitamdhuru? Makala haya yanashikilia kwamba jawabu la swali hilo halimo maabarani pekee. Limo pia katika lugha: katika jina la mmea, katika kipimo, na katika maneno yanayoandikwa kwenye chupa. Kwa sababu hiyo, suala hili linawahusu wanafunzi na walimu wa Kiswahili kama linavyowahusu wanakemia.

Mganga na Mgonjwa Wake

Katika maisha ya kijijini ya zamani, dawa haikuhitaji karatasi. Mganga alijulikana, na nyumba yake ilijulikana. Baba yake alijulikana pia, na aghalabu ndiye aliyemfundisha kazi. Mgonjwa alipofika, mganga alimhoji: maumivu yalianza lini, usiku anasikia nini, amekula nini, je, ana mimba, je, kuna dawa nyingine anayotumia. Kisha akaenda mwenyewe porini, akachimba mzizi au akabandua gome, akachemsha, akamnywesha mgonjwa mbele ya macho yake na kumwambia arudi baada ya siku kadhaa. Endapo mgonjwa angezidiwa, jamaa zake walijua mlango wa kubisha. Sifa ya mganga ndiyo iliyokuwa dhamana ya dawa yake, na hofu ya kuipoteza sifa hiyo ndiyo iliyokuwa ukaguzi.

Haifai kuzipamba siku hizo kupita kiasi. Walikuwepo matapeli, na waliokufa kwa kunyweshwa sumu hawakupata nafasi ya kusimulia. Lakini utaratibu wenyewe ulikuwa na mantiki: aliyeijua dawa ndiye aliyeitoa, na aliyeitoa alimjua mpokeaji.

Utaratibu huo umevunjika. Leo gome hubanduliwa na kijana katika msitu mmoja, likauzwa kwa gunia kwa mfanyabiashara wa mji wa pili, likasagwa na mtu wa tatu, likatiwa ndani ya vikopo na wa nne, na kuchuuzwa na wa tano ambaye hajapata kuuona mti wenyewe. Dawa imesafiri, mganga amebaki nyuma. Yote ambayo mganga aliyasema kwa kinywa chake yamepotea njiani, na hakuna kilichowekwa badala yake. Hapa ndipo penye kiini cha hatari. Ikiwa chupa inasafiri peke yake, haina budi kusema yenyewe yale ambayo mganga angeyasema.

Jina la Mti

Jambo la kwanza ambalo chupa inapaswa kulisema ni jina, na jina si jambo dogo. Hakuna mfano unaothibitisha hilo kuliko mkasa uliotokea mjini Brussels, nchini Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katika kliniki moja ya kupunguza uzito, wanawake walipewa vidonge vilivyotiwa mitishamba ya Kichina. Mmoja wa mimea iliyokusudiwa ulikuwa Stephania tetrandra, ambao kwa Kichina huitwa han fang ji. Upo mmea mwingine uitwao guang fang ji, yaani Aristolochia fangchi. Majina hayo mawili yanakutana katika maneno fang ji, na mmea wa pili ukaingia mahali pa wa kwanza. Aristolochia ina asidi inayoharibu figo na kuleta saratani. Wanawake zaidi ya 100 waliharibikiwa na figo. Wengi wao walilazimika kusafishwa damu kwa mashine au kupandikizwa figo nyingine, na baadhi yao walipatwa na saratani ya njia ya mkojo. Madaktari walipoanza kuuandika mkasa huo mwaka 1993, ilibainika kwamba chanzo chake kilikuwa mkanganyiko wa majina.

Ikiwa hayo yalitokea katika nchi tajiri yenye maabara na wakaguzi, hali iweje Afrika Mashariki ambako mti mmoja unaweza kuwa na majina kumi katika lugha kumi, na jina moja likaitwa miti miwili? Mti unaojulikana na Wakikuyu kama muthiga ndio Wamaasai wanaouita osokonoi, nao wataalamu wa mimea wanauita Warburgia ugandensis. Anayeyajua majina yote matatu hatapotea. Anayelijua moja tu yumo mikononi mwa muuzaji.

Mwarobaini ni mfano mwingine. Mti huu, Azadirachta indica, ulitoka Bara Hindi ukaota mizizi pwani ya Afrika Mashariki hata ukapewa jina la Kiswahili linalotokana na imani kwamba unatibu maradhi arobaini. Una jamaa wa ukoo mmoja anayefanana nao kwa majani na maua, Melia azedarach, ambaye hupandwa sana kwa ajili ya kivuli na urembo. Matunda ya mti huu wa pili yana sumu. Mtaalamu huitofautisha miti hii kwa namna vijani vinavyojipanga kwenye kikonyo, ambapo vya Melia hugawanyika mara mbili ilhali vya mwarobaini hugawanyika mara moja. Mtu wa kawaida, aliyesikia tu kwamba mwarobaini ni dawa, hatasimama kuhesabu migawanyiko ya majani. Zaidi ya hayo, hata mwarobaini wenyewe si salama kwa kila mtu na kwa kila namna. Mafuta ya mbegu zake yaliponyweshwa watoto wachanga katika nchi za Asia yaliripotiwa kuwaletea degedege na madhara makubwa ya ubongo na ini.

Mfano wa tatu uko karibu zaidi. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu, wakiwemo Wakenya wengi, walimiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kunywa kikombe cha dawa kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyefahamika kama Babu. Kikombe kiliuzwa kwa shilingi 500 za Tanzania. Wagonjwa kadhaa mahututi walifariki wakiwa njiani au kwenye foleni, na wengine waliacha dawa zao za hospitali kwa kuamini kwamba wamekwisha kupona. Mzee huyo alishikilia kwamba dawa ilifanya kazi ikitolewa kwa mkono wake mwenyewe. Hata hivyo, haukupita muda wakajitokeza watu wengine sehemu mbalimbali na kuanza kutoa vikombe vyao.

Mti uliotumika Samunge uliitwa mugariga, na wataalamu waliutambua kuwa Carissa, kichaka chenye miiba na matunda yanayoliwa na watoto wachungaji kote Afrika Mashariki. Katika ukoo huo huo wa mimea umo mti uitwao Acokanthera. Una majani ya kijani kibichi kinachong'aa kama ya Carissa, maua meupe yenye harufu nzuri kama ya Carissa, na matunda ya zambarau iliyoiva. Tofauti iliyo wazi ni kwamba Acokanthera haina miiba. Huo ndio mti ambao Wakamba, Wagiriama na Waata waliutokosa ili kupata sumu ya mishale ya kuwindia hata ndovu. Sumu yenyewe hushambulia moyo, na jina lake la kisayansi, ouabain, limetokana na neno la Kisomali la sumu ya mishale. Kimaasai huuita mti wa kwanza olamuriaki na wa pili olmorijoi. Mfugaji aliyekulia nyikani hawezi kuichanganya miti hiyo hata gizani. Je, mwigaji wa mjini anayenunua mizizi iliyokwisha kukatwakatwa, isiyo na jani wala mwiba, ataitofautishaje?

Mzizi uliokatwa hauna uso, na unga uliosagwa hauna hata umbo. Ndiyo maana jina halina budi kuandikwa pale mti unapokatwa, na kuandamana na mzigo hadi mwisho wa safari.

Kijiko Kipi?

Baada ya jina huja kipimo. Paracelsus, tabibu wa Uswisi wa karne ya 16, anakumbukwa kwa fundisho kwamba kinachoitenga sumu na dawa ni kiasi chake. Waganga wa Afrika Mashariki walilijua jambo hilo bila kumsoma. Shubiri iliyo kidogo hulegeza tumbo. Ikizidi huharisha hata kumkausha mtu maji mwilini, na wakunga wamekuwa wakiwakataza wajawazito kuigusa.

Kiswahili kina hazina ya maneno ya vipimo: ukufi, konzi, chopa, kibaba. Maneno hayo yalifaa pale mganga alipopima kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa ukufi wake leo ni sawa na ukufi wake kesho. Yanapoandikwa kwenye chupa inayouzwa kwa watu elfu moja, kila mnunuzi hupima kwa mkono wake. Hata neno la kisasa zaidi lina mtego. Karatasi nyingi huagiza mgonjwa anywe vijiko viwili. Vijiko gani? Kijiko cha chai huchukua takriban mililita 5, nacho cha mezani takriban mililita 15. Mgonjwa atakayekosea atakunywa mara tatu ya kiasi alichokusudiwa, na kama ni mtoto, kosa hilo linatosha kumpeleka hospitalini.

Vilevile kuna suala la saa. Msemaji wa Kiswahili anaposoma kwamba dawa inywewe saa mbili, anaweza kuelewa asubuhi au usiku kwa hesabu ya Kiswahili, ama alasiri kwa hesabu ya Kiingereza. Pale kibandiko kinapotafsiriwa ovyo kutoka Kiingereza, mkanganyiko huo huwa mkubwa zaidi. Huenda mtu akadhani kwamba haya ni mambo madogo ya wanaisimu wasio na kazi. Si madogo kwa mtu mwenye kisukari aliye tayari anameza vidonge vya kushusha sukari, kisha akaongeza mchuzi wa mizizi unaoishusha zaidi.

Dawa zikikutana mwilini huweza kuzidishiana nguvu au kuuana. Mmea wa Ulaya uitwao St John's wort, unaouzwa kama tiba ya huzuni, umethibitishwa kupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za kudhibiti virusi vya Ukimwi. Nchini Kenya, ambako watu wengi huenda kliniki asubuhi na kwa mganga jioni bila kumwambia daktari wala mganga, kimya hicho ni hatari kuliko mti wowote. Na kimya hicho kina sababu. Mgonjwa humficha daktari kwa sababu anajua atakemewa kuwa mshamba.

Neno "Asili"

Hakuna neno linalouza dawa kama neno "asili". Wachuuzi hulitamka kana kwamba ni cheti. Kinachotoka mtini, husema, hakina kemikali, na kisicho na kemikali hakina madhara. Kauli hiyo ina makosa mawili.

Kwanza, kila kilicho mtini ni kemikali. Ikiwa mti unaponya, unaponya kwa kemikali zilizomo ndani yake, na ikiwa hauna kemikali yoyote basi hauwezi kuponya. Tumbaku ni ya asili, mbegu za mbarika ni za asili, na sumu ya mishale ni ya asili vilevile. Pili, kilichokuwa cha asili porini huenda kisiwe hivyo kinapomfikia mnunuzi. Majani yaliyoanikwa kando ya barabara hubeba vumbi na moshi wa magari. Mizizi iliyofungwa ndani ya gunia ikiwa mbichi huota kuvu, na kuvu huzaa sumu. Wakenya hawahitaji kukumbushwa uwezo wa sumu hiyo: mwaka 2004, katika maeneo ya Makueni na Kitui na jirani zake, watu 125 walifariki baada ya kula mahindi yaliyoshambuliwa na sumukuvu. Kilichotokea kwa mahindi yaliyohifadhiwa vibaya kinaweza kutokea kwa gome lililohifadhiwa vibaya.

Kuna pia udanganyifu wa makusudi. Katika nchi nyingi, wakaguzi wamegundua dawa zilizoitwa za mitishamba ambazo zimechanganywa kisirisiri na dawa za viwandani: steroidi katika dawa za maumivu ya viungo, na sildenafil katika dawa za nguvu za kiume. Mgonjwa huona nafuu ya haraka na kuusifu mti, kumbe kinachomtuliza ni kidonge kilichosagwa. Akiendelea miezi mingi, steroidi humvimbisha uso, humwongezea sukari na kumdhoofisha mifupa. Mama wa magoti yaliyotajwa mwanzoni anaweza kuwa mmoja wao, na hana namna ya kujua.

Sababu nyingine ya udanganyifu ni uhaba. Muiri, ambao wataalamu huuita Prunus africana, hutafutwa na viwanda vya Ulaya kwa ajili ya dawa ya tezi la kibofu, na biashara yake ya kimataifa imewekewa masharti tangu mwaka 1995 kwa kuhofiwa kuangamia. Mganga mwenye hekima hubandua gome upande mmoja na kuuacha mti upone. Mfanyabiashara mwenye haraka huuvua mti gome lote, nao ukafa. Miti ikipungua, bei hupanda. Bei ikipanda, gome la mti mwingine huingizwa gunia moja na muiri. Hivyo basi, anayetaka dawa salama hana budi kutaka msitu ulio salama.

Mgala Muue na Haki Yake Mpe

Huenda msomaji akadhani kwamba hoja hizi zinakusudia kuwaziba midomo waganga. La hasha. Methali ya kwamba Mgala muue na haki yake mpe inafaa hapa. Serikali ya kikoloni iliwatazama waganga na wachawi kwa jicho moja, na Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 ikawafanya wengi wafanye kazi yao kwa kujificha. Hata baada ya uhuru, kwa miaka mingi waganga waliandikishwa na idara ya utamaduni, wala si ya afya. Cheti cha utamaduni kinathibitisha kwamba mtu anaendeleza mila. Hakithibitishi kwamba dawa yake imepimwa. Mganga mwema na tapeli wakakitundika ukutani cheti kile kile.

Manufaa ya kumsikiliza mtaalamu wa jadi kwa makini yameonekana kwingineko. Tu Youyou, mwanasayansi wa China, alipotafuta dawa ya malaria miaka ya 1970, alirejelea maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4. Maandishi hayo yalielekeza kwamba mmea wa qinghao ulowekwe majini na kukamuliwa, bila kuchemshwa. Neno hilo moja la kuloweka lilimwonyesha kwamba joto lilikuwa likiiharibu dawa. Alilazimika pia kubainisha ni mmea upi hasa kati ya jamaa kadhaa wenye jina linalokaribiana, na kwamba dawa imo katika majani. Matokeo yake ni artemisinin, dawa iliyookoa mamilioni ya watu na kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ni vyema kukumbuka upande wa pili wa kisa hicho: Shirika la Afya Duniani haliungi mkono chai ya majani ya Artemisia kama tiba ya malaria, kwa kuwa kiasi cha dawa ndani yake hubadilika kutoka jani hadi jani, na kiasi kidogo huvifunza vimelea kuistahimili dawa. Elimu ya jadi iliyosomwa kwa uangalifu ilizaa dawa. Majani yale yale, yakitumiwa bila kipimo, yanaweza kuidhoofisha.

Nchini Ghana, daktari Oku Ampofo alianzisha kituo cha utafiti wa mitishamba huko Mampong-Akuapem mwaka 1975, ambapo waganga na wanasayansi walikutanishwa na wagonjwa wakatibiwa kwa dawa zilizochunguzwa. Tanzania ilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002 na kuunda baraza la kuisimamia. Kenya nayo, kwa Sheria ya Afya ya mwaka 2017, iliitambua tiba ya jadi na kuagiza kuundwa kwa chombo cha kuidhibiti. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora na maelezo anayoyahitaji ili kufaidika nazo. Kifungu cha 7 nacho kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Vifungu hivyo viwili vikisomwa pamoja, ni vigumu kuona jinsi chupa isiyo na maelezo, au yenye maelezo kwa lugha asiyoielewa mnunuzi, inavyoweza kutetewa.

Pingamizi Mbili

Zipo pingamizi mbili ambazo hazifai kupuuzwa. Ya kwanza ni ya mganga. Atauliza kwa nini alitaje jina la mti wake, ilhali siri hiyo ndiyo urithi aliopewa na babu zake na ndiyo shamba lake. Akiitaja leo, kesho kampuni ya ng'ambo itajipatia hataza, naye abaki mikono mitupu. Hofu hiyo ina msingi. Lakini tangu mwaka 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi na usemi wa kitamaduni, na njia bora ya kulindwa ni kuandikwa. Maarifa yasiyoandikwa popote ni rahisi kuibwa kwa sababu hakuna ushahidi wa mwenyewe. Mganga anaweza kuiandikisha siri ya utayarishaji wake kwa wasimamizi chini ya ulinzi wa sheria, huku jina la mmea, ambalo ndilo linalomhusu mgonjwa, likibaki wazi.

Pingamizi ya pili ni ya gharama. Vipimo vya maabara ni ghali. Masharti yakiwa makali mno, wenye viwanda ndio watakaoyamudu, nao bibi wa kijijini anayewatibu majirani zake atageuzwa mhalifu. Pingamizi hii ni nzito zaidi, na suluhisho lake ni kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa. Mganga anayemhudumia mgonjwa anayemjua, kwa dawa aliyoiandaa mwenyewe, bado ana dhamana ya uso kwa uso. Anachohitaji ni mafunzo, usafi, na uhusiano mwema na zahanati iliyo karibu naye. Dawa inayotiwa ndani ya chupa na kuuzwa kwa wasiojulikana ni bidhaa, na bidhaa haina budi kusajiliwa na kupimwa kama dawa nyingine zinavyofanyiwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Mizani isiwe moja kwa wote. Kadiri dawa inavyokwenda mbali na aliyeiandaa, ndivyo inavyopaswa kudaiwa maelezo zaidi.

Wajibu wa Wanakiswahili

Wanakemia wana yao ya kufanya. Wanakiswahili nao wana yao, na hakuna mwingine atakayewafanyia. Kazi ya kwanza ni orodha ya majina. Katika Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi kuna mkusanyiko mkubwa wa mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki, kila mmea na jina lake la kisayansi. Kinachohitajika ni kamusi inayoliweka jina hilo bega kwa bega na jina la Kiswahili na majina ya Kikamba, Kimaasai, Kigiriama, Kiluo, Kikuyu na lugha nyinginezo, pamoja na picha na onyo kuhusu mimea inayofanana. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu hana haja ya kwenda mbali. Bibi yake yungali hai, na msamiati alio nao utazikwa pamoja naye usipoandikwa.

Kazi ya pili ni kusanifisha lugha ya vibandiko. Itafaa kukubaliana kwamba kijiko kitajwe pamoja na mililita, kwamba nyakati ziandikwe asubuhi, mchana na jioni badala ya saa, na kwamba vitenzi vya utayarishaji kama kuloweka, kuchemsha, kutokosa na kufukiza vipewe maana zisizoingiliana. Kibandiko cha haki kinapaswa kutaja jina la mmea na sehemu iliyotumika, mahali na tarehe ya kuandaliwa, mwisho wa kutumiwa, kipimo, watu wasiopaswa kuitumia, nambari ya usajili, na mahali pa kumpata mwandalizi endapo kutatokea madhara.

Kazi ya tatu ni kulichunga neno. Watangazaji wa redio wanaokodishwa kusifu dawa ni watumiaji wa Kiswahili, na wengi wao wamepitia madarasa ya Kiswahili. Neno "hutibu" ni zito. Atakayelitumia kuhusu kisukari au saratani bila ushahidi hana tofauti na aliyekabidhi chupa isiyo na jina.

Hitimisho

Mitishamba haitatoweka, wala haifai kutoweka. Itaendelea kunywewa Turkana na Taita, mabandani na katika nyumba za kifahari. Kwa hiyo, kuidharau hakumsaidii mgonjwa, na kuisifu bila kuihoji hakumsaidii vilevile. Anachohitaji ni kupewa tena kile alichokuwa nacho babu yake alipoketi mbele ya mganga: mtu wa kumjibu maswali. Mti huu unaitwaje? Ninywe kiasi gani? Nikizidiwa, nije wapi? Maadamu mganga hawezi kupanda kila gari ambalo chupa yake inapanda, majibu hayo yaandikwe juu ya chupa, kwa lugha ambayo mama yule wa magoti anaisoma. Siku atakapoyakosa, ajue kwamba ana haki ya kuirudisha chupa na kudai noti yake.